KUOKA KEKI BILA MAYAI
Somo kwa akina mama waokaji, na kwa wakulima wanaowauzia

Huenda mkulima wa Kabete au Uthiru mwenye kuku wa mayai ataona kichwa cha somo hili akakasirika. Atasema, "Kwa nini gazeti la wakulima liwafundishe watu kuacha mayai?" Twamwomba asikasirike, asome mpaka mwisho. Hatumfundishi mtu kuacha mayai. Twafundisha jinsi ya kumwokea mtu asiyekula mayai, kwa maana mtu huyo yupo Nairobi, ni wengi, na fedha yake ni sawa na fedha ya mtu mwingine yeyote. Tena vitu vinavyotumika badala ya yai, kama ndizi, malenge, dengu na soya, vyote vyatoka shambani.

KISA CHA KEKI TATU

Na tuseme yuko mama mmoja wa Kangemi ambaye kazi yake ni kuoka. Ana jiko la makaa, sufuria mbili kubwa na mabati sita ya kuokea. Kila wiki hupanda matatu hadi Wangige kununua trei ya mayai, kwa kuwa soko la Wangige lajulikana sana kwa mayai. Asubuhi huuza keki kwa vipande karibu na stendi, na Jumamosi huoka keki nzima kwa watu wenye sherehe.

Siku moja mama mzee wa Parklands akamwagiza keki tatu za siku ya kuzaliwa ya mjukuu wake. Akamwambia, "Mama, ziwe bila yai kabisa."

Yule mwokaji akajibu, "Sawa mama, nitafanya hivyo."

Ijumaa usiku akashika kanuni yake ya siku zote. Akaondoa mayai manne, akaongeza maji ili rojo lisiwe gumu, akaoka. Keki zilipotoka zilikuwa zimebonyea katikati, kingo ngumu kama ganda la mti, na ndani mbichi kama uji mzito. Ilikuwa saa kumi ya alfajiri. Unga ulikuwa umebaki wa kutosha keki tatu nyingine, na trei ya mayai ilikuwa pale pale mezani. Akashika mayai mawili mkononi. Nani angejua? Keki ikiiva, yai halionekani.

Akayarudisha katika trei. Kulipokucha akapiga simu akasema kweli: "Mama, nimeshindwa. Nimejaribu bila yai, zimeharibika zote. Sikutaka kukuletea zenye yai."

Mama yule hakufurahi, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja siku hiyo hiyo. Mwokaji akapoteza unga, sukari, mafuta, makaa na malipo ya kazi yake. Lakini wiki iliyofuata simu ikalia. "Njoo Jumatatu nyumbani," akaambiwa. "Nitakuonyesha sisi twafanyaje."

Kosa la mwokaji huyu halikuwa uvivu wala ujinga wa kuoka. Kosa lake lilikuwa moja: aliondoa yai bila kujiuliza kwanza yai lile lilikuwa likifanya kazi gani. Hilo ndilo jambo kubwa la somo hili. Ukimwondoa kibarua shambani, hapana budi umtafute mwingine wa kufanya kazi yake, la sivyo kazi italala.

NI NANI WASIOKULA MAYAI?

Yafaa kuwajua, kwa maana si wote wanaotaka kitu kimoja.

Kwanza, wako Wajaini na Wahindu wengi. Jamii ya Oshwal, ambao asili yao ni Gujarat huko Bara Hindi, wamekaa Kenya zaidi ya miaka mia moja, na Oshwal Centre iko Westlands. Wajaini hawali nyama, samaki wala mayai, lakini wengi wao hunywa maziwa na hula siagi. Wale wanaoshika dini kwa ukali hawali hata vitu vinavyong'olewa ardhini, kama viazi, vitunguu na karoti. Basi ukimpelekea mtu wa namna hiyo keki iliyotiwa viazi vitamu badala ya yai, umemkosea vile vile.

Pili, wako Waorthodoksi. Huko Riruta iko seminari ya Waorthodoksi iitwayo kwa jina la Askofu Mkuu Makarios III wa Cyprus. Wakati wa mfungo kabla ya Pasaka, Mworthodoksi anayefunga hali nyama, maziwa wala mayai. Wahabeshi wa kanisa la Ethiopia, ambao ni wengi Nairobi, hufunga hivyo hata siku za Jumatano na Ijumaa.

Tatu, wako wale waitwao vegani. Chama chao cha kwanza kilianzishwa Uingereza mwaka 1944. Hawa hawali kitu chochote kitokacho kwa mnyama: si nyama, si yai, si maziwa, si siagi, wala asali. Siku hizi wapo Kilimani, Lavington na Westlands, wenyeji na wageni.

Nne, na hawa wasisahauliwe, wako wenye mzio wa mayai, hasa watoto wadogo. Mtoto wa namna hiyo akila yai kidogo tu aweza kutokwa na vipele, kuvimba midomo, kutapika, au hata kushindwa kupumua. Kwa mtoto huyu mayai mawili yaliyofichwa katika keki ni hatari ya maisha.

Basi mtu akikuagiza keki "bila yai", usiseme "sawa" upesi. Muulize maswali matatu: Je, maziwa na siagi wala? Je, kuna kitu kingine msichokula? Je, kuna mtu mwenye mzio? Andika majibu katika daftari.

KAZI NNE ZA YAI

Yai moja la kuku, likitolewa ganda, lina uzito wa kama gramu 50. Robo tatu yake ni maji. Sehemu iliyobaki ni protini na mafuta, na mafuta karibu yote yamo katika kiini. Vitu hivi hufanya kazi nne katika keki:

1. Kushikanisha. Protini ya yai ikipata moto huganda, kama uonavyo yai likichemshwa. Ikiganda huishika keki isivunjike na isibonyee.

2. Kuumua. Ukipiga yai hewa huingia na kukaa katika mapovu. Moto ukija hewa ile hupanuka, keki ikainuka.

3. Kutia unyevu. Maji ya yai hufanya keki isiwe kavu.

4. Kupatanisha maji na mafuta. Katika kiini mna kitu kiitwacho lesithini. Hicho hufanya maji na mafuta yachanganyike yasitengane. Kiini pia huleta rangi na ladha.

Sasa angalia kanuni yako. Ikiwa ni biskuti zenye yai moja, kazi ya yai ni kushikanisha tu. Ikiwa ni keki ya ndizi yenye mayai mawili, kazi yake ni kushikanisha na unyevu. Ikiwa ni sponji ya mayai sita isiyotiwa beking pauda, yai ndilo linalofanya karibu kila kitu. Sponji ya namna hiyo usianze nayo. Kanuni ya yai moja au mawili hubadilishwa kwa urahisi. Ikizidi mayai matatu, afadhali utafute kanuni nyingine iliyoundwa bila mayai tangu mwanzo.

VITU VYA KUTUMIA BADALA YA YAI

Hesabu zote hapa chini ni za yai moja. Kikombe ni kile cha kupimia cha mililita 250.

Ndizi mbivu. Ponda nusu ya ndizi kubwa, ipate robo kikombe. Ichague iliyoiva sana, ganda likiwa na madoa meusi. Huleta unyevu na hushikanisha kiasi, lakini haiumui. Kwa hiyo ongeza beking pauda, robo kijiko cha chai. Ladha ya ndizi itasikika, basi itumie mahali ladha hiyo inapopendeza.

Malenge. Chemsha, ponda, chuja maji, pima robo kikombe. Hufanya kazi kama ndizi, lakini ladha yake ni pole na rangi yake ni ya manjano nzuri kama ya kiini. Tena hayakui chini ya ardhi, kwa hiyo hata Mjaini mkali hana neno nayo.

Mbegu za kitani. Saga, kisha changanya kijiko 1 cha mezani cha unga wake na vijiko 3 vya maji. Acha dakika 10 hadi 15 mpaka iwe na ute kama ute wa yai. Hii hushikanisha vizuri sana katika biskuti na mikate mizito ya unga usiokobolewa. Usisage nyingi kwa mara moja, kwa maana mafuta yake huchacha upesi; weka katika kopo lililofungwa sana. Mbegu za chia hutumika kwa kipimo kile kile, nazo si lazima kuzisaga. Wazee wa Bonde la Ufa huenda wamesikia habari za kitani: baada ya Vita Kuu ya Kwanza walowezi wengi walikilima kwa ajili ya nyuzi, mpaka bei ilipoanguka na kuwaangusha wengi wao.

Unga wa dengu. Huu ndio unga wa kupikia bajia, na hupatikana katika maduka ya viungo ya Ngara na Parklands. Changanya vijiko 3 vya mezani na vijiko 3 vya maji, piga mpaka usiwe na madonge. Hushikanisha kwa nguvu kwa sababu una protini nyingi. Ukionja rojo bichi utasikia uchungu wa kunde mbichi. Usiogope, uchungu huo huondoka ukiiva.

Maji ya dengu. Jambo hili ni geni, nalo lastaajabisha. Mwaka 2014 Mfaransa mmoja, Joël Roessel, ambaye kazi yake ni kuimba, aligundua ya kwamba maji yaliyochemshiwa kunde huweza kupigwa yakatoa povu jeupe kama ute wa yai. Mwaka uliofuata Mmarekani Goose Wohlt akaonyesha ya kwamba maji ya dengu peke yake yatosha kwa vitafunio vya povu na sukari. Fanya hivi: loweka dengu nzima usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha katika maji mapya bila chumvi mpaka ziive kabisa, ziache zipoe ndani ya maji yake, kisha chuja. Maji yakiwa mepesi, yachemshe tena yapungue mpaka yavutike kama ute. Vijiko 3 vya mezani ni yai moja. Vijiko 2 ni ute wa yai moja. Ukitaka povu, bakuli na uma viwe safi pasipo tone la mafuta, tia matone ya limau, na upige kwa subira kuliko unavyopiga mayai. Dengu zenyewe wape watoto wale. Hapo hapana kilichopotea.

Angalia: twasema dengu, zile nene ambazo Wahindi huziita chana. Usichanganye na ndengu za kijani, yaani pojo.

Siki na soda ya kuokea. Siki ni kali, soda ni kinyume chake. Vikikutana hutoa hewa ya kaboni, na hewa hiyo huinua keki. Vyafanya kazi ya kuumua tu, havishikanishi. Kijiko 1 cha mezani cha siki na kijiko kisichojaa cha chai cha soda vyatosha keki moja nzima. Soda tunayosema ni ile ya dukani ya kuokea. Magadi ya kulainishia githeri au mboga yasitumike badala yake, kwa kuwa yana nguvu nyingine, na keki itanuka sabuni.

Maziwa ya mgando. Robo kikombe pamoja na soda kidogo. Ndiyo njia ya nyumba nyingi za Kihindi, na ndiyo aliyoonyeshwa kwanza yule mama wa Kangemi. Keki yake huwa laini. Lakini yafaa kwa wale wanaokula maziwa tu. Vegani na Mworthodoksi aliyefunga hawataigusa.

Msidhani ya kwamba mambo haya ni ya kigeni yote. Mahamri ya pwani huumuliwa kwa hamira na tui la nazi, vitumbua kwa mchele na hamira, kaimati kwa unga na hamira, na nyingi hupikwa pasipo yai. Na huko Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili mayai yaligawiwa kwa kipimo tangu 1941 hadi 1953, yai moja kwa mtu kwa wiki. Waingereza waliendelea kula keki kwa kutumia siki, soda na karoti.

NAIROBI IKO JUU, KUMBUKENI

Hapa ndipo waokaji wengi huanguka. Kanuni nyingi zimeandikwa na watu waliokaa karibu na usawa wa bahari. Katikati ya Nairobi ni zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na ukielekea magharibi, Dagoretti na Kabete, ni kama mita 1,800. Huku hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwenye digrii 94 hivi badala ya 100. Hewa iliyomo ndani ya keki hupanuka kwa upesi na kwa wingi kuliko Mombasa. Keki huinuka haraka, na kabla haijashikamana huanguka.

Keki yenye mayai huokolewa na protini ya yai iliyoganda. Keki isiyo na yai haina wa kuiokoa. Basi shika kanuni tatu:

1. Ukipata kanuni ya kitabu cha ng'ambo, punguza beking pauda au soda kwa robo yake. Kama ni vijiko 2, tia kimoja na nusu.
2. Ongeza maji au maziwa ya soya vijiko 2 vya mezani, kwa kuwa maji hukauka upesi.
3. Moto uwe tayari kabla ya kuchanganya, na bati liingie mara moja. Hewa ya soda na siki haingoji.

KANUNI YA KWANZA: KEKI YA NDIZI

Unga wa ngano, vikombe 2 (gramu 250)
Sukari, nusu kikombe na kidogo (gramu 120)
Beking pauda, kijiko 1 cha chai
Soda ya kuokea, nusu kijiko cha chai
Chumvi, robo kijiko cha chai
Ndizi zilizoiva sana, 3 (gramu 300 bila maganda)
Mafuta ya kupikia, theluthi moja ya kikombe
Maji au maziwa ya soya, nusu kikombe
Siki, kijiko 1 cha mezani

Chekecha unga, beking pauda, soda na chumvi pamoja. Katika bakuli jingine ponda ndizi, tia sukari, mafuta, maji na siki, piga mpaka visitengane. Mimina vyote juu ya unga. Koroga polepole mpaka unga mkavu usionekane tena, kisha acha. Ukizidi kukoroga, keki itakuwa ngumu kama chapati ya jana. Mimina katika bati lililopakwa mafuta na unga. Oka katika oveni kwa digrii 180, dakika 45 hadi 50.

KANUNI YA PILI: KEKI YA SIKI

Unga wa ngano, kikombe 1 na nusu
Sukari, robo tatu ya kikombe
Soda ya kuokea, robo tatu ya kijiko cha chai
Chumvi, nusu kijiko cha chai
Maji baridi, kikombe 1 na vijiko 2 vya mezani
Mafuta, theluthi moja ya kikombe
Siki, kijiko 1 cha mezani
Vanila au maganda ya limau yaliyokunwa

Changanya vikavu pamoja, na vya maji pamoja, ila siki iache mwisho. Unganisha, tia siki, koroga upesi mara chache, tia motoni. Rojo lake ni jepesi, usiongeze unga. Huiva kwa dakika 30 hadi 35. Ndiyo keki ya gharama ndogo kuliko zote tulizozitaja.

Asiye na oveni. Tumia sufuria kubwa nzito yenye kifuniko. Tandaza mchanga mkavu safi wa unene wa kidole, weka jiwe bapa au kigae juu yake, funika, pasha moto dakika 10. Weka bati juu ya kigae. Kwa jiko la makaa, makaa machache yawe chini na mengi juu ya kifuniko. Usifunue kabla ya dakika 30, kwa maana ubaridi ukiingia keki isiyo na yai huanguka. Kisha choma katikati kwa kijiti. Kikitoka kikavu, imeiva. Iache ipoe ndani ya bati dakika 15 kabla ya kuitoa, kwani ikiwa ya moto huvunjika kuliko keki ya mayai.

MAKOSA NA DAWA YAKE

Imebonyea katikati: hewa imezidi au umefunua mapema. Punguza soda.
Ndani ni nzito, yanata: ndizi au malenge yamezidi, au hukuchuja maji. Pima, usikisie.
Yavunjika-vunjika: hakuna cha kushikanisha. Ongeza unga wa dengu au kitani.
Inanuka sabuni: soda imezidi, au siki imesahauliwa.
Imekuwa ngumu: umekoroga mno.

Katika kujaribu, fanya kama Bwana Shamba afanyavyo katika shamba la mfano. Hapandi mbegu mpya, akabadili mbolea na akabadili nafasi kwa siku moja, kwa maana hatajua ni kipi kilicholeta mazao. Nawe badili kitu kimoja tu kila mara. Oka keki mbili ndogo, ya zamani na ya majaribio, uzikate pamoja, uandike uliyoyaona. Daftari la shilingi chache litakuokolea unga wa shilingi nyingi.

NENO LA UKWELI

Mnunuzi hawezi kuona ndani ya bakuli lako. Anakula kwa kukuamini. Kwa hiyo:

Kwanza, osha mabati, bakuli na uma kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kuanza. Oka keki zisizo na yai kwanza asubuhi, zenye yai baadaye. Usipake yai juu ya keki ili ing'ae. Maji ya sukari yatosha.

Pili, soma maandishi madogo ya kopo. Baadhi ya majarini hutiwa maziwa. Keki yenye majarini hiyo ni "bila yai" lakini si ya vegani, na yafaa useme hivyo.

Tatu, ikiwa umeambiwa kuna mtoto mwenye mzio, na jiko lako lina mayai kila siku, mweleze mzazi hali ilivyo ili aamue mwenyewe. Ni afadhali kupoteza agizo moja kuliko kumdhuru mtoto.

KWA MKULIMA

Hesabu ya yai ni rahisi: gawanya bei ya trei kwa 30. Kisha pigia hesabu ndizi iliyoiva kupita kiasi, ile ambayo jioni sokoni Kangemi au Kawangware huuzwa kwa bei ya kutupa. Mkulima wa ndizi au malenge akipatana na waokaji, mazao yale laini ambayo mnunuzi wa mezani huyakataa yatapata soko. Mwenye shamba la nchi kavu aangalie dengu: huvumilia ukame, na huweza kupandwa mvua zikiisha, zikanyweshwa na unyevu uliobaki katika udongo mweusi. Kwa habari za mbegu muulize afisa wa kilimo wa kaunti yako.

Na mwenye kuku asihofu. Walaji wa mayai Nairobi ni wengi sana, na keki hizi haziwapunguzi. Lakini mwaka 2017, homa ya ndege ilipozuka Uganda na Kenya ikazuia kuku na mayai kutoka huko, mwokaji mwenye akili alikumbushwa ya kwamba si vizuri kutegemea kitu kimoja.

Yule mama wa Kangemi, basi, alifanya nini? Aliporudi kutoka Parklands alioka keki ya maziwa ya mgando mara tatu ndipo ikakubali. Mbili za kwanza walikula watoto wake. Kisha akajifunza ya ndizi na ya siki. Sasa ana mabati mawili aliyoyatia alama ya rangi ya kijani ambayo hayaguswi na yai. Na mwaka uliofuata, siku ya kuzaliwa ya mjukuu yule ilipofika tena, simu ilimlilia yeye. Hakuulizwa kama ataweka yai. Aliulizwa tu keki zitakuwa tayari saa ngapi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja kazi nne za yai katika keki.
2. Kwa nini keki isiyo na yai huanguka upesi Kabete kuliko Mombasa?
3. Mjaini mkali ameagiza keki. Je, utatumia viazi vitamu au malenge? Kwa nini?
4. Keki ya maziwa ya mgando yamfaa nani, na haimfai nani?
5. Ni maswali gani matatu utakayomuuliza mtu akiagiza keki bila yai?